Mara ya Saba: Jibu la Kanda Uliyoniachia

Mwaka umetimia sasa, mdogo wangu, tangu ulipofumba macho alasiri ile katika kitanda cha dirishani, nasi tukabaki tunautazama mto wako kama watu waliosahau walichofuata chumbani. Alhamdulillahi kwa kila hali. Aliyekupa ndiye aliyekutwaa, wala hatuna la kudai.

Jamaa wamenikabidhi kalamu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wako, na kwa kuwa wanasema najua kupanga maneno. Mwanzo huu nimeuandika mara nne na kuuchana mara nne, maana uliniachia jambo la kusema mahali hapa, mbele ya watu, ukaniwekea na sharti kwamba nisiseme uongo. Wasomaji watuwie radhi kwa urefu. Kumbukumbu fupi ningeiandika kama ningekuwa na dhamiri safi.

Duka lako la kanda lilikuwa na upana wa mlango mmoja na dirisha moja. Rafu zilipanda mpaka darini, na kila kanda imeandikwa mgongoni kwa mkono wako, herufi zimelala upande mmoja kama watu walio katika upepo. Watu walipohamia kwenye sidii ulihama nao nusu. Walipohamia kwenye simu ulibaki, ukasema mtu hawezi kuhama kila siku kama paka mwenye watoto. Ulizungumza na wateja huku unarudisha utepe kwa penseli, ukiizungusha taratibu bila kuitazama. Kipofu aliyekuja kila Jumatatu ulimsimulia picha ya kila jalada, rangi kwa rangi, mpaka akawa anabishana nawe kuhusu rangi. Na hukuwahi kupita karibu na mtoto aliyelala bila kupunguza sauti ya redio, hata kama redio haikuwa yako.

Juu ya meza ulitundika kibao: *Kubadilisha kanda ni baada ya kuisikiliza mara saba.* Ndicho kilichokupa jina. Wengi waliokuzika hawakujua jina ulilopewa na wazazi wetu. Walimzika Mzee Mara-Saba.

Nilikuwa nimekaa dukani siku ile fundi cherehani alipokuja na kanda mkononi, ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya.

"Mzee Mara-Saba, hii nibadilishie. Haina kitu."

"Umeisikiliza mara ngapi, mama?"

"Mbili. Na hiyo ya pili nilikuwa nakuonea huruma."

"Basi nionee huruma mara tano nyingine."

"Nikifa katikati je?"

"Utakuwa umekufa na muziki ndani ya nyumba. Wenzako wanakufa na kimya."

Aliondoka anakutukana kwa mapenzi. Baada ya mwezi alirudi, si kubadilisha, bali kuchukua nakala ya pili ya kumpa dada yake. Alisema wimbo wa nne ulimwingia wakati anapiga pasi, wala hakuwa akiusikiliza. Nawe hukumcheka. Ulinigeukia ukaniambia: "Unaona, kaka? Wimbo unaokukumbatia siku ya kwanza, mchunge. Huyo ni mgeni mwenye haraka. Albamu ya kweli inakuja kama mkwe mwenye haya. Inakaa mlangoni, inatazama viatu vyake. Siku utakayoisahau ndiyo siku itakayoingia."

Niliinua macho, na chini ya kibao chako kulikuwa na karatasi yangu.

Wasiojua habari hiyo waijue leo. Miaka ishirini na mitatu iliyopita, wewe na wenzako watatu mliazima ukumbi wa shule wakati wa likizo, mkarekodi kwa siku mbili nyimbo sita ulizozitunga mwenyewe. Hiyo ndiyo albamu yako ya pekee. Zilitoka nakala mia moja, zikaenda, zikaazimwa, nyingine zikafutwa na watu waliorekodi harusi juu yake. Moja uliniletea mimi, imefungwa kwenye leso. Nami mtu niliyelelewa katika kasida na tungo za wazee, nilikaa kuisikiliza huku nahesabu mizani kwa vidole. Katika wimbo wa tatu nikalinasa kosa. Mshororo ulisema:

*Nilibisha mlangoni, hukuitika ndani.*

Kipande cha kwanza kina mizani nane, kama inavyostahili. Cha pili kina saba. Nilihesabu tena kwa mkono wa kushoto, ikawa saba. Sikuhitaji kusikia zaidi. Nilikurudishia kanda yako pamoja na karatasi, nimeandika kwa wino mweusi na hati nzuri: *Wimbo wa tatu, ubeti wa pili. Mizani saba badala ya nane. Mtunzi ajifunze kuhesabu kabla ya kuimba.*

Hukukasirika. Ulitafuta fremu, ukaitundika. Ikakaa hapo miaka yote hiyo, na kinyozi jirani yako hakuacha kunisimamisha: "Mwalimu, hiyo karatasi yako imesomwa kuliko hotuba zako zote." Nilikuwa nacheka. Sikujua kwamba nilikuwa nacheka peke yangu.

Halafu ikaja wodi. Ulikuwa umebaki mifupa na macho, lakini macho bado yana utundu.

"Kaka, ile kanda."

"Kanda ipi?"

"Unaijua. Imebaki moja. Ingiza mkono chini ya mto."

Nikaikuta ndani ya soksi safi.

"Uliisikiliza mara moja," ukasema. "Bado sita."

"Pumzika kwanza."

"Nitapumzika sana tu. Sikiliza mpaka ya saba, kisha uniambie. Nikiwa nimeshakwenda, niandikie kwenye kumbukumbu yangu. Na usinisifu kwa kuwa nimekufa, kaka. Ukiiona mbaya, andika mbaya."

"Mbele ya watu?"

"Karatasi yako nimeiweka mbele ya watu miaka ishirini na mbili. Wewe vumilia siku moja."

Nikasema inshallah. Baada ya siku kumi na moja ulikwenda, nami sikuwa nimeicheza hata mara moja. Tangu siku ile neno hilo limekaa kooni mwangu kama mwiba wa samaki.

Nilikuwa na hofu mbili, na kila moja ilikuwa inaisukuma nyingine. Nikiiona mbaya, itanibidi nimfedheheshe maiti kwa hati yangu, mara ya pili. Nikiiona nzuri, nitajua nilichokutenda wewe miaka yote hiyo, na hakuna wa kumwomba radhi. Nikaona afadhali nisiharakishe.

Hapo ndipo nilipokosea kosa kubwa kuliko la karatasi, nami nalikiri hapa, kwa sababu shemeji yangu ameniruhusu nilikiri.

Siku ya kumi baada ya maziko tulikuwa tumekaa sebuleni kwako. Mkeo aliuliza, si kwa kilio, kwa sauti ya mtu anayetafuta funguo: "Jamani, ile kanda yake iko kwa nani? Nataka sauti yake tu. Hata akiwa anakohoa." Kanda ilikuwa mfukoni mwa kanzu yangu, inanichoma paja. Dada yetu akanigeukia: "Kaka, kwako haipo?" Nikajibu: "Iliwahi kunipitia." Sikusema uongo. Nilisema kweli iliyojifunika shuka, na wale malaika wawili wanaoandika mabegani mwetu hawadanganywi na shuka. Nilijiambia nitaitoa nikishatimiza saba, nikiwa na jibu la kusimama nalo. Nikaona aibu kuonekana nimebeba albamu ya mtu niliyemdharau, bado sijui nini cha kusema.

Wiki zikawa miezi. Nikipita dukani nawaona dirishani, mkeo akipangua rafu moja baada ya nyingine, binti yako juu ya ngazi akisoma migongo ya kanda kwa sauti: "Si hii. Si hii. Si hii." Nasalimia, narudi nyumbani. Nafunga mlango wa chumba changu kidogo baada ya alasiri, natoa redio niliyozoea kuchezea visomo na mawaidha, naweka kanda yako, nasema bismillahi, kisha nastaghafiri kwa kuwa sijui kama ni mahali pake. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu ala za muziki. Mimi nilikuwa nahitilafiana na nafsi yangu.

Mara ya pili niliiona mbaya kuliko ya kwanza. Fidla inalalama, sauti yako haijui iende wapi. Nilishusha pumzi, nikadhani jibu nimelipata, nikaingiwa na huzuni.

Mara ya tatu sikumbuki kitu, ila kwamba niliketi mpaka mwisho.

Baada ya mara ya nne nilikuwa natawadha, nikajikuta nimeosha mkono wa kulia mara ya nne. Nilikuwa naufuata wimbo wako wa nne bila kujua. Nilisimama pale maji yanatiririka, nikaogopa kweli. Mtu niliyewafundisha watoto wa watu miaka arubaini kwamba aya haikai kifuani mpaka irudiwe na irudiwe tena! Silinganishi, na Mola anilinde na kulinganisha. Lakini nilijua njia ya kurudia, na wewe, ndugu yangu, nilikunyima hata mara ya pili.

Mara ya tano vidole vyangu vilikuwa vimechoka, nikaviweka magotini. Wimbo wa tatu ukaja. *Nilibisha mlangoni, hukuitika ndani*, kisha ngoma ikapigwa. Pigo moja, kavu, la kiganja, mahali palepale ambapo mizani ya nane ingekuwa. Lilikuwa ni kubisha. Lilikuwepo miaka yote. Mimi nilikuwa nahesabu maneno, na maneno yalikuwa yamenyamaza ili mlango ugongwe.

Sijui ulimbishia nani. Hukuniambia, nami nina hofu ya kukisia.

Mara ya sita sikungoja hata siku ya pili. Nilikuwa na kiu ya pigo lile. Sauti ikafika pale, ikazama kama mtu anayetumbukia kisimani, kisha kitu kikaanza kutafuna. Nikabonyeza kila kitufe. Nilipofungua, utepe ulitoka umekunjamana, umezunguka gurudumu la redio, na kila nikivuta unazidi kuja. Nilikaa sakafuni, mzee wa umri wangu, sauti ya nduguye imemjaa mkononi, wala hathubutu kufunga ngumi.

Fundi wa redio aliutazama kwa kioo chake cha jicho moja.

"Mwalimu, utepe huu umechoka. Hapa umesagika. Nitakata urefu wa kidole, niunge."

"Hicho kidole kina nini ndani yake?"

"Sekunde moja na ushee. Hutajua kama pamepungua."

"Nitajua."

"Basi ujue pia kwamba utapita mara moja. Ya pili sikuahidi. Nakala nyingine iko wapi?"

"Haipo."

Akaweka bisibisi chini. "Na mwenyewe anajua?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwa mkeo, kanda ikiwa imeshaungwa. Nilimkuta anakunja nguo. Nikaitoa soksi, nikaiweka juu ya meza, nikasema yote kama ilivyokuwa. Hakunikaribisha kiti.

"Shemeji, miezi kumi nimepekua mpaka kwenye magunia."

"Najua."

"Ulikuwa unapita. Unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

Alikunja shati lako moja, akalikunjua, akalikunja tena. Nilidhani atanifukuza, na ingekuwa haki. Akasema: "Ya saba hutasikiliza peke yako." Basi.

Tulikutana dukani Ijumaa baada ya sala. Binti yako alileta waya wa kuunganisha redio na simu yake, lakini waya haukuingia kwenye tundu; redio ya zama za babu na simu ya zama za mjukuu hazijuani. Akaiweka simu mbele ya spika, imelala chali. "Itarekodi kila kitu," akasema. "Mtu asikohoe. Mtu asivute kiti." Dada yetu akajifunika mdomo kwa mtandio kabla hata ya kuanza. Kinyozi aliingia bila kualikwa, kitambaa cha kazi bado begani, akasimama mlangoni. Mkeo ndiye aliyebonyeza.

Mdogo wangu, nimesimama mbele ya majeneza mengi, na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa magurudumu mawili yale madogo. Nilikuwa nayatazama kupitia kidirisha chao. Wimbo wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita, nao una kelele ya upepo iliyonidanganya mara mbili kwamba umekatika. Mkeo alikuwa amefumba macho. Uliposikika unavuta pumzi kabla ya wimbo wa tatu, alishika ukingo wa meza.

Nikajua kinachokuja, na nilijua peke yangu. Kidole alichokikata fundi kilikuwa palepale. *Nilibisha mlangoni, hukuitika ndani*, na hapo hapo, bila kituo, ungerukia mshororo unaofuata, mlango haujagongwa. Ungebaki na mizani saba, kweli kweli sasa, milele, na karatasi yangu ingekuwa sahihi.

Sikuukusudia mkono. Uliondoka wenyewe ukapiga meza yako, mara moja, kwa kiganja.

Wote waliruka. Binti yako alinitazama kwa macho yako. Lakini wimbo ukaendelea, na wa nne, kanda ikageuzwa upande, na wa tano, na wa sita mpaka ukimya wa mwisho, na ndani ya ukimya ule sauti yako ya zamani ikiuliza mtu: "Imeingia?"

Hilo hatukuwa tunalijua. Mimi sikuwahi kufika hapo. Kila mara nilizima wimbo ulipoisha. Mkeo alilisikia, akacheka na kulia kwa pumzi moja.

Binti yako alipojaribu kuirudisha kanda, utepe ulikatika kwenye kiungo na kusagika usiungike tena. Ilikuwa ni mara ya saba kwangu, na ya mwisho kwa kila mtu.

Tukaisikiliza simu. Kila kitu kimo, na mimi nimo.

"Baba mkubwa, umesikika," akasema binti yako. "Na umechelewa kidogo."

"Pafute hapo, mwanangu."

"Hapafutiki. Nikikufuta wewe namfuta na baba."

"Paache," akasema mkeo. "Amechelewa miaka ishirini na mitatu. Hiyo nukta moja ya leo inamdhuru nani?"

Kinyozi akasema afadhali, maana karatasi yangu ilisomwa, na sasa kofi lile la mezani, hotuba yangu fupi kuliko zote, litasikilizwa.

Basi jibu lako hili hapa, kwa hati ileile. Wimbo wa pili nimeusikiliza mara saba, na haunipendezi. Fidla inaanza kulia kabla haijaguswa. Ulisema nisikusifu kwa kuwa umekufa, nami sikusifu. Wa kwanza ni mzuri tangu siku ya kwanza, kwa hiyo sasa umeanza kunichosha, kama ulivyosema watafanya wa aina hiyo. Wa tano bado uko mlangoni, unatazama viatu vyake. Wa nne na wa sita wamehamia kwangu na sina habari ni lini. Na wa tatu mizani yake ilitimia. Ya nane ilikuwa ni mkono.

Karatasi yangu nilikwenda kuitoa, binti yako akanikatalia. Nimeongeza chini yake mstari mmoja: *Nimesikiliza mara saba. Aliyehesabu ndiye aliyekosea.* Imerudishwa ndani ya fremu yake.

Hofu haijaniacha. Binti yako ameiweka albamu kwenye simu tatu na kompyuta ya ofisini kwake, na bado kila Ijumaa namuuliza, "Ipo?" Naye ananijibu, "Ipo, baba mkubwa. Jana ilikuwepo, leo ipo." Lililo zito zaidi sina wa kumuuliza, nalo ni kama jibu hili linamfikia aliye ardhini. Elimu ya hilo iko kwa Mola peke yake. Mimi nilifundishwa kuomba, na kutunga kidogo:

*Nilihesabu vidole, sauti sikusikia,*
*Ukanijibu upole, waraka kutundikia,*
*Leo ninabisha pale, wewe umetangulia,*
*Rabi akupe milele, pepo ya kutulia.*

Kipande cha mwisho kina mizani saba. Mwenye kusoma agonge meza.

Unakumbukwa na mkeo, anayefungua duka kila asubuhi na kupunguza sauti mtoto akilala. Na binti yako, mlinzi wa sauti yako. Na dada yetu, aliyezuia kikohozi nyimbo sita nzima. Na kinyozi jirani, aliyejihesabu katika jamaa na hatukumpinga. Na fundi cherehani, aliyetuma salamu kwamba bado anakuonea huruma. Na mimi kaka yako, ambaye sasa ni zamu yake kubisha.

Tutakukumbuka daima, mara ya saba na kila mara baada yake.